Kinu Kililia, Sombe Haikuonekana

Niliiba bulete moja ya bibi yangu Koko, donge la nyama lililokaangwa, nikamtupia mbwa wa majirani, nikakaa juu ya jiwe kungoja afe. Nalisema mwenyewe kabla rafiki yangu Heri hajawasimulia, maana yeye akisimulia huongeza mbwa wa pili. Mbwa mwenyewe aliitwa Komando. Aliimeza ile bulete bila kutafuna, akaniangalia kama anayeuliza ingine iko wapi, kisha akajilaza kwenye kivuli cha ukuta na kufumba macho. Nikamgusa na kijiti. Kimya. Nikamgusa tena, mbavuni. Kimya kabisa. Hapo nilitoka mbio kwenda nyumbani, miguu ikipiga mgongo.

Hata leo, nikirudi kutoka shuleni nikapita kwenye vibanda vya malewa wanakokaanga nyama na vitunguu, shingo yangu inaingia mabegani yenyewe. Wenzangu wanasikia njaa. Mimi nasikia aibu, halafu njaa. Koko hayuko tena. Alikwenda kwa uzee, usingizini, si kwa bulete. Nalisema mapema kwa sababu nawajua ninyi watu wa umri wangu mnavyofikiri. Mnafikiri kama mimi.

Koko alikuwa mama wa baba. Babu alipofariki huko Rurambo, juu milimani, walimteremsha Koko kwetu Mulongwe, kando ya ziwa, akiwa amevaa makoti mawili, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba huku chini kuna joto, au walimwambia akakataa kuamini. Koko hakuwa mtu wa kuamini haraka. Maji ya bomba aliyanusa kwanza. Ziwa aliliangalia tangu asubuhi mpaka jua likageuka, kisha akauliza ni nani analichunga. Ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ndiyo kabisa. "Sahani yote inaniangalia," alisema, akaisukuma sahani upande wangu. Sikulalamika.

Alikuja na sheria zake pia. Mwanamke hapigi mluzi. Mwanamke hali kuku, wala yai la kuku. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akichinja kuku, akiwapika, akimwekea Babu firigisi peke yake kwenye kisahani, kwa kuwa firigisi ni ya mwenye nyumba, halafu yeye mwenyewe anakula bugali na majani. Nilimuuliza kwa nini. "Muke akikula kuku," alisema, "mume wake atatawanyika sawa vifaranga." Baba yangu alikuwa ameshatawanyika, yuko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Fizi, anarudi mara mojamoja na miwani mpya, na mama yangu hajawahi kula kuku mbele ya Koko. Lakini nilinyamaza. Nilikuwa mdogo, si mjinga. Au nilikuwa vyote viwili.

Shida ni kwamba Koko alikuwa anakauka. Meno yaliyobaki yalikuwa upande mmoja, yameshikana kama watu wanaoogopa mvua, na nyama ya ng'ombe aliitafuna mpaka akaisahau shavuni. Na kadiri mwili ulivyopungua, ulimi ulinenepa. "Mama Amani," alimwambia mama, "hii bugali yako iko na mafundo kama kamba ya kufungia ngombe." Amani ndiyo mimi. Mama alijibu, "Ndiyo, Mama," akarudi jikoni na taya lake limekaza. Mimi nililiona lile taya. Nikaliweka akilini, kama polisi.

Siku moja mama akampeleka kwenye kituo cha afya, na mimi nikabeba koti la pili. Muuguzi akampima, akamkalisha Koko nje kwenye benchi, kisha akabaki ndani na mama. Mimi nilibaki mlangoni, mahali ambapo watoto wenye adabu hawabaki. Muuguzi alisema kitu kuhusu damu. Halafu nikasikia sauti ya mama, ya chini, ile ya kuongea kanisani:

"Akijua, atakataa. Nitaisaga muzuri, nimutilie mu chakula kidogo-kidogo. Hatajua hata kidogo."

"Basi usimuambie," muuguzi akasema. Na akacheka!

Mnaelewa kilichoingia kichwani mwangu. Kwetu mtoto anajifunza sumu kabla ya kujifunza kuogelea. Usipokee pipi ya mtu. Usiache chupa yako wazi ukienda kukojoa. Anayekuletea kinywaji anakionja kwanza mbele yako, ndipo anakupa, na asipoonja unasema tumbo linakuuma. Na juu ya yote iko karuho, ile sumu ya polepole isiyoua leo wala kesho, inayokukausha tu mpaka unabaki shati na mifupa. Nilimwangalia Koko kwenye benchi, amekaa ndani ya koti lake la kwanza. Shati na mifupa.

Tangu hapo nilianza upelelezi. Mtu wa kwanza niliyemshirikisha ni Heri wa mtaa wa Rugenge, tuliyekaa naye dawati moja. Heri alijua kila kitu duniani kwa sababu kaka yake alikuwa na simu yenye intaneti.

"Mama yako na koko yako wanapatana?" akaniuliza.

"Hapana sana."

"Basi angalia mukono wake. Sumu iko mu mukono."

Nikaangalia mikono ya mama. Na kweli, mikono ile ilianza mambo. Alasiri moja kinu kililia nyuma ya nyumba, nikajiambia leo ni sombe, majani ya muhogo. Lakini sauti haikuwa ya sombe. Sombe inalia kavu, tu, tu, tu. Hii ililia pwa, pwa, kama mtu anayetembea kwenye tope mto ukishamwagika mtaani. Nilingoja. Jioni ikaja bugali na ndagala. Sombe iko wapi? Nikaenda kukiangalia kinu: kimeoshwa, kimeinamishwa, kinanukia ndimu. Sasa niambieni, nani anaosha kinu na ndimu?

Siku ya pili yake nikagundua kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limebanduliwa karatasi yake, limefichwa nyuma ya mfuko wa makala, ule mkaa wa kupikia. Ndani kulikuwa na unga wa chengachenga, rangi kama vumbi la barabara. Nikanusa. Haukuwa na harufu ya kitu chochote. Heri akasema sumu mbaya ndiyo ile isiyo na harufu. Nikalirudisha kopo, nikaosha mikono mpaka nikamaliza sabuni, nikapigwa kwa ajili ya sabuni.

Halafu nikajibana nyuma ya pipa la maji, nikaona kazi yenyewe. Mama alianza kwa kukaanga ndagala, nyingi, kwa moto mkali, na moshi wote akauacha uende mbele ya nyumba. Koko akakohoa, akalaani samaki na ukoo wao, akabeba kiti chake akaenda kukaa karibu na barabara. Ndipo mama akaleta bakuli lililofunikwa. Nyama ilikuwa humo, imepondwa, laini, nyeupenyeupe, si nyama niliyoijua. Akachukua kitunguu. Akakikata vidogo, akageuza kisu, akakata tena, akakusanya na kukata tena, mpaka kitunguu kikapotea, kikawa kama chumvi iliyolowa. Mimi nilimwona mama akipika maisha yangu yote. Kitunguu chetu sisi kilikuwa vipande vya kuonekana, unaweza kukitoa na kukipanga pembeni ya sahani. Hiki alikuwa anakiua. Nikajua: mtu anayekata namna ile anaficha kitu.

Akatia chumvi, kitunguu saumu kidogo, yai, na lile kopo. Ndiyo, lile kopo! Konzi moja, halafu nusu ya konzi. Pilipili hakutia. Akalowesha viganja, akafinyanga madonge, kila moja akalibonyeza polepole kwa kiganja, kama mtu anayebembeleza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Kikaango kilikuwa juu ya jiko la mbabula na mafuta kidogo. Shaaa! Akayageuza kwa kijiko, mgongo wa kwanza ukatoka na rangi ya asali. Na ile harufu, jamani. Nitasema ukweli: mashaka yangu na mate yangu vilishindana, na mate yalishinda kwa mbali.

"Mama, kuya ukule," akamwita Koko. "Ni bulete."

"Ya nyama gani?"

"Nyama ya soko."

Koko akainusa kwa muda mrefu. Akaitia mdomoni. Akaiminya kwa ulimi dhidi ya kaakaa, bila kutafuna, macho yamefumba. Akanyoosha sahani apewe ingine. Na mama, hata moja hakuonja. Hata chenga. Sisi watoto tukapewa ndagala zetu na onyo: "Mwenye atagusa sahani ya Koko, nitamutoa huo mukono." Usiku ule nililala nikimsikiliza Koko anapumua. Tulilala chumba kimoja. Alikoroma kama lori inayopanda Rurambo, na kila alipobadilisha gia nilishukuru Mungu.

Basi, kilichonimaliza ni manyoya. Komando alikuwa anachokora nyuma ya choo chetu, nikamfukuza, nikaendelea kuchokora mimi. Kulikuwa na mfuko mweusi umezikwa. Ndani: manyoya ya kuku, na miguu miwili ya njano, vidole vimekunjwa. Nyumbani kwetu hakuna aliyekula kuku tangu Koko alipofika. Nilimpelekea Heri habari, akafumba macho kama daktari.

"Kuku imezikwa bila kukuliwa? Amani, ndugu yangu. Hiyo haiko kuku. Hiyo ni dawa."

Ningeweza kufikiri. Nawaambia, nafasi ya kufikiri ilikuwepo. Nilikuwa na nyama nyeupe kwenye bakuli na manyoya nyuma ya choo, na kati yao hatua chache tu. Lakini kichwa kikishaamini mchawi hakitafuti tena mpishi.

Wiki ile ile shangazi akateremka kutoka Rurambo kumwona mama yake. Shangazi ni dada wa baba, mtu anayeingia nyumba ya watu kama anayekagua. Alileta kibuyu cha maziwa, akapitisha kidole juu ya meza, akamwangalia Koko, akamwangalia mama, akasema tu, "Mmh." Mchana mama akakaanga bulete tena. Nikaiba moja ikiwa ya moto, ikaniunguza paja kupitia mfuko wa kaptula, na mengine kuhusu Komando mnayajua.

Niliingia ndani Koko akiwa ameshika bulete ya kwanza, mkono uko katikati ya sahani na mdomo.

"Koko, usikule! Iko sumu! Mbwa amekufa!"

Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea kupigiwa makofi. Badala yake shangazi aliinuka polepole akifunga upya kitenge chake kiunoni. Kule kufunga kitenge ndiko kulikoniamsha. Kwa sababu jambo hilo nililiona kabla. Mtaa wa pili kutoka kwetu kulikuwa na mama mmoja ambaye wakwe zake walimsema hivyo hivyo, kwamba ana sumu, na sisi watoto tulikimbia kwenda kuangalia godoro lake na sufuria zake zikitupwa barabarani, na yeye amesimama katikati na mtoto mgongoni, watu wakiokota mawe. Mimi pia niliokota. Sikulirusha, lakini nililiokota. Sasa nikaliangalia godoro la mama yangu kupitia mlango wa chumba.

"Mama Amani," shangazi akasema. "Onja."

"Ni za Mama," mama akajibu. "Nikionja, watoto wataonja. Watoto wakionja, zitaisha."

"Nimesema onja."

Mama akachukua moja, akaila yote, amesimama, macho hayakutoka kwa shangazi. Akameza.

"Eeh," shangazi akasema. "Wenye hiyo kazi wanakunywaka kwanza dawa ya kuizuia. Unafikiri mimi nilizaliwa jana? Leo leo nampigia kaka yangu. Utarudi kwenu na vyombo vyako."

Ndipo marehemu Komando akaingia. Alisimama mlangoni, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akapiga miayo, akaja moja kwa moja kunusa mfuko wa kaptula yangu. Mkia wake ulipiga mguu wa meza kama ngoma.

"Njo huyu mwenye alikufa?" mama akauliza.

"Alikuwa amekufa," nikasema. "Kidogo."

Mtu mwingine angecheka. Shangazi alikunja uso zaidi. "Karuho haiuake mbwa siku moja. Basi niambie kitu kimoja tu, muke wa kaka. Hii ni nyama gani?"

Na mama akanyamaza. Mama ambaye ana jibu la kila kitu, anayebishana na wauza nyanya mpaka wanamwita mwalimu, alinyamaza. Aliangalia sakafu, halafu akamwangalia Koko, haraka, kama anayeangalia kitu kinachotaka kuanguka. Nilidhani ni hatia. Shangazi pia alidhani ni hatia. Akaingiza mkono kwenye begi kutafuta simu. Sasa mimi nilitaka kumsaidia mama, naapa. Nilitaka kuonyesha kwamba labda si sumu, labda ni jambo dogo zaidi. Nikafungua mdomo wangu, huu huu.

"Labda ni dawa ya kienyeji tu, Shangazi. Alizika manyoya nyuma ya choo."

"Manyoya ya nini?" Huyo alikuwa Koko.

"Ya kuku, Koko. Na miguu yake."

Mama akafumba macho. Nilielewa wakati ule ule, kama mtu anayeona shimo akiwa ameshaingia. Kile alichokuwa anakiogopa hakikuwa barabara na godoro. Alikuwa tayari kutupwa barabarani ilimradi lile neno lisitamkwe mbele ya mama mkwe wake. Na mimi nilikuwa nimelitamka, tena na miguu yake.

Shangazi aliweka mkono mdomoni. "Ayi, Mama! Wamekulisha kuku!"

Koko aliinamisha kichwa. Aliangalia bulete iliyokuwa mkononi. Akaigeuza, akaangalia upande wa chini, ule wenye rangi ya asali. Nje mtu alipita akiuza mikate, akaita mpaka sauti yake ikaishia kwenye kona. Kisha Koko akainua uso na kumuuliza mama, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Na firigisi iko wapi?"

Mama akafungua macho. "Iko mule, Mama. Nilitwanga yote pamoja. Na maini. Muuguzi alisema maini ni ya damu."

"Mule ndani?"

"Mule ndani."

"Njo maana," Koko akasema. Akaitia mdomoni. Tulisimama wote tukimwangalia anavyoiminya kwa ulimi, Komando akiwa wa mbele. "Nilipika firigisi ya Babu yenu tangu nikiwa na matiti ya kusimama," akasema alipomeza. "Kila mara nasikia harufu yake. Nikajiambia, nitakufa bila kujua. Siku ya kwanza ya hizi bulete nikasikia ile harufu. Sina meno. Pua niko nayo."

"Mama, ulijua?" shangazi akauliza. "Ulijua na ukakula?"

"Mimi niliambiwa ni nyama ya soko. Nitakatala neno ya muke wa mutoto wangu? Sasa mumeharibu. Sasa najua." Akanyoosha sahani. "Leta ingine, Mama Amani. Kama ni kutawanyika, mume wangu alishatawanyika ku mbingu."

Shangazi alikaa. Alifungua kitenge, akakifunga tena, akakosa cha kufanya na mikono. "Hii maneno isifike Rurambo," akasema.

"Ikifika wataniletea kuku," Koko akajibu. "Onja na weye."

Hakuonja mbele yetu. Lakini kopo lilipofunguliwa na kuonyeshwa kuwa ni mkate mkavu uliosagwa kwa chupa, shangazi alitaka kujua unasagwa vipi, na unalowesha viganja kwa maji au kwa mafuta, na jikoni aliulizia hayo akiwa ametupa mgongo, na taya lake lilikuwa linatembea.

Koko alinenepa kidogo. Si sana, ila lile koti la kwanza lilianza kumkaa. Bugali ya mama aliendelea kuilaumu, mafundo na kila kitu, lakini akiimaliza. Na mimi? Mama hakunipiga. Nilingoja kipigo kama mtu anayengoja mvua kwenye wingu jeusi, hakikuja, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alinipa chakula, akanifulia shati la shule, akaniangalia kama anayeangalia mtoto wa jirani. Kuniita jina hakuniita.

Mpaka kinu kilipolia tena, pwa, pwa, safari hii mchana kweupe na Koko amekaa pale pale anasimamia. Mama akaweka kitunguu mbele yangu, na kisu, na kibao.

"Kata."

Nikakata.

"Kidogo zaidi."

Nikakusanya, nikakata. Macho yakaanza kuwaka. Koko akanyoosha shingo, akasema hata ng'ombe angeona hivyo vipande. Nikageuza kisu kama nilivyomwona mama akifanya nilipokuwa nyuma ya pipa. Nilikata, nikakusanya, nikakata tena. Vidole viliuma, kamasi zilinitoka, na kitunguu hakikutaka kupotea. Sikujua kwamba ni kazi kubwa hivyo. Machozi yalikuwa ya kitunguu, halafu katikati hapo yakaacha kuwa ya kitunguu.

"Mama," nikasema, "nilifikiri..."

Mama alikuja, akakusanya kitunguu changu kwenye kiganja, akakisugua kwa kidole gumba kupima kama kuna kipande ambacho fizi ya Koko itakikuta. Hakikuwepo. Akakimwaga kwenye bakuli. Kisha akasema, na hivi ndivyo alivyosema, siongezi wala sipunguzi:

"Amani, muntu mwenye anataka kuua, hawezi kukata kitunguu kidogo namna hii."